Nobu janja au nobu ya kawaida: ipi inafaa kukaa chini ya mkono wako

Mwaka 2022 mhandisi Scott Bezek aliweka hadharani michoro na programu za kifaa alichokiita SmartKnob, yaani nobu janja. Ni nobu ndogo, kidude cha kuzungusha kwa vidole, yenye skrini ya duara katikati. Ukiizungusha unahisi vituo vikikata kimoja kimoja, na sekunde inayofuata, bila kubadilishwa kipuri chochote, inageuka laini kabisa, au inagonga ukuta ambao haupo. Hisia yote ile hutengenezwa na mota na programu. Tangu hapo swali limekuwa likirudi kwa watu wa studio, kwa wanaohariri video, kwa wanaojiundia vifaa vyao, hata kwa wanaochagua gari: je, nobu ya zamani, ile yenye mshale na namba kuizunguka, imepitwa na wakati?

Nafanya kazi na vifaa vya sauti, na vidole vyangu viko kwenye nobu sehemu kubwa ya siku. Nina msimamo. Nobu janja ni kifaa kizuri mno kwa kazi fulani, na kwa kazi nyingine ni cha kukataa bila kusita. Ili kujua kazi yako iko upande gani, uliza hivi: habari ya kwamba kitu kimewekwa wapi inakaa kwenye nobu yenyewe, au inakaa ndani ya programu?

Kilichomo ndani

Fungua redio ya zamani au mikisa ndogo ya sauti, na nyuma ya nobu ya volyumu utakuta potenshomita. Ndani yake mna njia ya kaboni iliyopinda karibu duara, na ulimi wa chuma unaoteleza juu yake. Ukizungusha, ulimi unahama na ukinzani unabadilika. Haizunguki duara zima, mwendo wake ni kama nyuzi 300, na kila upande kuna ukuta wa chuma. Mgongoni imeandikwa kitu kama A10K au B10K. Namba ni ukinzani wa ohmu 10,000. Herufi A, kwa potenshomita nyingi tunazokutana nazo, ni ile inayopanda polepole kwanza kisha kwa kasi, kwa kufuata jinsi sikio linavyosikia, na ndiyo ya volyumu. B inapanda sawasawa. Fundi akifunga B mahali pa A, sauti yote inaruka mwanzoni mwa mzunguko na sehemu iliyobaki inakuwa karibu haina kazi. Hiyo ndiyo programu yote ya potenshomita: imechorwa kwenye kaboni na hakuna wa kuibadilisha.

Ndugu yake wa pili ni enkoda, nobu isiyo na mwisho unayoikuta kwenye redio za gari za miaka ya karibuni na kwenye printa za 3D. Inakata vituo, mara nyingi 20 au 24 kwa mzunguko, kwa springi ya kawaida. Enkoda haijui iko wapi. Inajua tu kwamba imesogea hatua moja kulia au kushoto, na kifaa ndicho kinachohesabu.

Nobu janja inaanzia hapo kwenye enkoda, kisha inarudisha kile enkoda ilichopoteza. SmartKnob inatumia mota isiyo na brashi, ya aina inayofungwa kwenye vishikio vya kamera ili picha isitikisike. Mota za namna hiyo huzunguka laini bila kukwamakwama, na nyingine zina tundu katikati. Tundu hilo linapitisha nyaya za skrini, ndiyo maana skrini inatulia wakati pete ya nje inazunguka. Sumaku imefungwa kwenye mhimili, na sensa inasoma pembe yake. Sensa kama MT6701 inaugawa mzunguko mmoja mara 16,384. Chipu ya ESP32 inasoma pembe hiyo, inakokotoa nguvu inayotakiwa, inaipeleka kwenye mota, kisha inasoma tena.

Hesabu yenyewe inaeleweka kirahisi. Programu ikitaka kituo, inachagua pembe moja na kuivuta nobu kuelekea hapo, kwa nguvu inayoongezeka kadiri vidole vinavyoipeleka mbali. Ukipita nusu ya njia, mvuto unahamia kituo kinachofuata, na vidole vinahisi mkato. Ukuta ni mvuto uleule uliozidishwa. Msuguano ni nguvu inayopingana na kasi ya mkono. Ili vidole vidanganyike, mzunguko huo wa kusoma na kujibu unapaswa kufanyika karibu mara 1,000 kwa sekunde. Ukizembea, ukuta unalegea. Ukiongeza nguvu kupita kiasi, nobu inaanza kuvuma na kutetemeka yenyewe. Watengenezaji hupoteza muda mwingi hapo, na hapo pia ndipo kifaa cha bei nafuu kinapojulikana.

Jambo moja linasahaulika. Mota ya ukubwa huo ina nguvu ndogo, na ukuta wake unaweza kupitwa kwa vidole viwili. Ukuta wa potenshomita ukiulazimisha, kitakachotokea ni kuvunja nobu.

Vitu vitatu vinavyouzwa kwa sifa moja

Kabla ya kulinganisha bei, hakikisha unachoonyeshwa ni nini, kwa sababu matangazo huviita vifaa vitatu tofauti kwa sifa moja ya kwamba vinajibu kwa mguso.

Cha kwanza kinatetemeka tu. Surface Dial ya Microsoft, iliyotoka mwaka 2016 kwa dola 99.99, ni ya kundi hili, na kitufe cha kuzungusha cha pembeni mwa Apple Watch kuanzia Series 4 ya mwaka 2018 nacho ni hivyo. Kila hatua inaleta mtikiso mdogo unaofanana na mkato wa kituo. Kidole kinapata taarifa, lakini hakuna kinachokizuia, kwa hiyo huwezi kuhisi mwisho wa orodha ukikukatalia.

Cha pili kina breki. Gurudumu la kipanya cha Logitech MX Master 3 la mwaka 2019 linatumia sumaku ya umeme kubadili kati ya mwendo wa kukata na mwendo huru. Kuna nobu za viwandani zinazotumia majimaji yanayokuwa mazito yakipitiwa na uga wa sumaku. Breki inaweza kukataa kwa nguvu kubwa kuliko mota ndogo, na haichoshi umeme sana. Haiwezi kukurudisha. Ukiiacha katikati ya vituo viwili, inabaki katikati.

Cha tatu ni chenye mota, kama SmartKnob, au sahani za Traktor Kontrol S4 MK3 ya Native Instruments iliyotoka mwaka 2018, ambazo zinazunguka zenyewe kama santuri na kumfanya DJ ahisi kwa kidole mahali alipoweka alama kwenye wimbo. Hiki peke yake ndicho kinachoweza kukataa, kuvuta na kurudisha. Kuanzia hapa nikisema nobu janja namaanisha hiki.

Tatizo ambalo nobu janja imelitatua kweli

Kuelewa kwa nini watu wa muziki wameipokea kwa furaha, rudi kwenye sinthesaiza, kinanda kinachounda sauti kwa umeme, ya Minimoog ya mwaka 1970. Kila kazi ilikuwa na nobu yake. Mpigaji akitazama ubao mara moja tu, aliiona sauti nzima: hapa kichujio kimefunguliwa robo, pale wimbi la pili limeshushwa kidogo. Kasoro yake ilikuwa kwamba ubao huo ndio uliokuwa kumbukumbu pekee. Ukitaka sauti nyingine kati ya nyimbo mbili jukwaani, ulizungusha nobu moja moja gizani, na sauti ya jana uliirudisha kwa kuchora mishale kwenye karatasi.

Mwaka 1978 ikaja Prophet-5 ya Sequential Circuits, yenye chipu ya kompyuta ndani na nafasi za kuhifadhi sauti 40. Bonyeza kitufe, sauti inarudi. Hapo ndipo nobu na ukweli zilipoachana. Umehifadhi volyumu ikiwa robo, nobu sasa hivi imeelekezwa robo tatu, unaita sauti yako, na mshale unasema uongo. Ukiigusa, kifaa kifanye nini? Kuna vinavyoruka ghafla hadi pale mshale ulipo, na msikilizaji anasikia mruko. Kuna vinavyokaa kimya hadi uzungushe nobu ikutane na thamani iliyohifadhiwa, na mpigaji anadhani kifaa kimekufa. Nimeona njia zote mbili zikiharibu onyesho.

Enkoda ilikwepa tatizo kwa kufuta mshale kabisa, ikaweka taa ndogo kuzunguka nobu. Sawa, lakini sasa jicho lazima liende kwenye taa. Mikisa za kidijitali zikapata jibu bora kwa upande wa vitelezi, vile vidhibiti vya kusukuma juu na chini. Behringer X32, iliyotoka mwaka 2012 na ambayo mafundi wengi wa sauti wanaifahamu, ina vitelezi 25 vyenye mota. Ukibadili kundi la chaneli, vitelezi vinakimbia vyenyewe hadi mahali pake, na unaweza kuweka vidole juu yake ukijua kila kimoja kiko wapi. Ni kazi ya kupendeza kuitazama.

Nobu janja ni jibu hilohilo kwa kitu kinachozunguka, na inaongeza kisichowezekana kwa kitelezi: inabadilisha hata umbo la hisia. Ukichagua ala kati ya tano, inakata vituo vitano vizito na kugonga ukuta pande zote mbili. Ukirekebisha masafa, inakuwa laini. Ukiweka sauti kati ya spika ya kushoto na ya kulia, kuna kishimo kimoja katikati, na vidole vinakipata bila kutafuta. Kwa kazi ambayo thamani zake huitwa na kuhifadhiwa mara kwa mara, na maana ya nobu hubadilika siku nzima, hakuna potenshomita itakayoshindana nayo. Anayehariri video kwa saa nane, sasa akipita kwenye picha moja moja na dakika inayofuata akisogeza mwangaza, ndiye mteja wake halisi.

Mkono unaojua bila macho

Mwaka 1943 mwanasaikolojia Alphonse Chapanis alichunguza kwa nini marubani wa ndege za kivita za Marekani, zikiwemo B-17, walikuwa wakishatua salama wanakunja magurudumu badala ya mabawa madogo ya kupunguza mwendo, ndege ikalalia tumbo. Aligundua vidhibiti viwili vilivyokaa karibu karibu na vinavyofanana kwa mguso. Dawa yake ilikuwa kufunga kipande chenye umbo la gurudumu kwenye kidhibiti cha magurudumu, na chenye umbo la bawa kwenye kile kingine. Kanuni za usalama wa ndege kubwa za abiria za Marekani bado zinaagiza maumbo hayo hadi leo.

Jambo hili linagusa mahali nobu janja ilipo dhaifu kuliko kote. Ina mwili mmoja kwa kazi zote. Inaweza kukwambia kwa hisia kwamba sasa ni volyumu na si joto, ila inakwambia baada ya kuanza kuizungusha, yaani baada ya kitendo kuanza. Kidhibiti chenye umbo lake kinakwambia kabla.

Mfano wa pili unahusu mahali pa kidhibiti. Jeep Grand Cherokee za mwaka 2014 na 2015 zilikuwa na kishikio cha gia ambacho, ukishachagua gia, kinarudi katikati. Gia iliyochaguliwa ilikuwa kwenye programu na kwenye taa, lakini kishikio chenyewe hakikuonyesha kitu. Watu walishuka wakidhani wameweka kwenye maegesho, gari likaondoka. Aprili 2016 kampuni mama iliita yarudishwe kwa marekebisho magari yapatayo milioni 1.1, ya Jeep na mengine yenye kishikio hicho. Juni mwaka huohuo mwigizaji Anton Yelchin alikufa nyumbani kwake Los Angeles baada ya gari lake la aina hiyo kurudi nyuma na kumbana. Kishikio cha zamani kinachobaki pale ulipokiweka kilikuwa na faida ambayo hakuna aliyeiorodhesha hadi ilipoondolewa.

Wa tatu ni mchungu zaidi. Tarehe 21 Agosti 2017 manowari ya Marekani USS John S. McCain iligongana na meli ya mafuta Alnic MC karibu na Singapore, na mabaharia 10 wakafa. Vidhibiti vya usukani na mwendo vilikuwa kwenye skrini za kugusa. Katika kuhamisha udhibiti kutoka kituo kimoja kwenda kingine, vidhibiti vya rafadha mbili vilitenganishwa bila wahusika kutambua, na mwendo ukapunguzwa wa upande mmoja tu. Meli ikakata kushoto. Bodi ya uchunguzi ya NTSB ilieleza jinsi skrini ilivyowanyima mabaharia ule mguso ambao vishikio viwili vya chuma, kimoja mbele na kimoja nyuma, vingewapa papo hapo. Jeshi la majini likaamua kurudisha vishikio vya mkono kwenye manowari za aina hiyo.

Atakayesema kwamba skrini si nobu janja yuko sahihi, na ndiyo sababu sitaki kuzitia kapu moja. Nobu janja iliyofungwa vizuri ingekuwa bora mara nyingi kuliko skrini ile. Hata hivyo tatizo la msingi ni lilelile: hali ya kitu iko mahali ambapo mkono haufiki mpaka programu ikubali kuusimulia.

Kuhusu skrini peke yake, jarida la magari la Uswidi, Vi Bilägare, mwaka 2022 lilipima muda ambao dereva alihitaji kumaliza kazi nne za kawaida, kama kupasha kiti joto na kutafuta stesheni ya redio, kwa mwendo wa kilomita 110 kwa saa. Volvo V70 ya mwaka 2005, yenye vitufe na nobu zake, ilichukua sekunde 10. Gari lililoshika mkia, lenye skrini, lilichukua karibu sekunde 45, na kwa muda huo lilikuwa limepita zaidi ya kilomita moja. Kuanzia mwaka 2026 Euro NCAP, shirika linalopima usalama wa magari Ulaya, linataka indiketa, hazadi, honi, waipa na wito wa dharura viwe na vidhibiti vya kushika ili gari lipate alama kamili.

Nobu janja nayo ina historia ndani ya gari. BMW waliiweka mwaka 2001 kwenye Series 7, kwa jina la iDrive: nobu moja kubwa katikati, yenye mota iliyobadilisha hisia kulingana na menyu. Wazo lilikuwa mbele ya wakati wake, lakini lililalamikiwa sana, na sababu kubwa haikuwa mota. Kila kitu kilikuwa kimefichwa ndani ya menyu, na nobu nzuri haiokoi menyu mbaya. Toleo lililokuja mwaka 2008 lilizungushia nobu hiyo vitufe vya kwenda moja kwa moja kwenye redio, ramani na simu, na likasifiwa. Mpaka leo naona mpangilio ule, nobu moja ya kupekua pamoja na vitufe vichache visivyobadilika, ndio mpangilio bora wa gari.

Umeme, vumbi na spea

Potenshomita inakufa kwa namna tunayoijua: vumbi na kutu vinaingia kwenye kaboni, sauti inakwaruza ukizungusha. Unapuliza dawa ya kusafishia, unazungusha huku na huku, inarudi. Isiporudi, unanunua nyingine kwa bei isiyofika ya chakula cha mchana, Kariakoo au Luthuli Avenue, unang'oa kwa lehemu miguu mitatu, unafunga. Na umeme ukikatika na kurudi, imebaki palepale ulipoiacha.

Nobu janja haina mahali pa kukwaruza, kwa sababu sensa yake haigusi sumaku. Huo ni ubora wa kweli, na mahali penye vumbi ni ubora mkubwa. Lakini ikizimika, inazunguka ovyo, haina vituo wala ukuta. Ikiwaka tena, inategemea programu ikumbuke ilikuwa wapi. Kushikilia ukuta kwa nguvu muda mrefu kunapasha mota joto. Ikiharibika chipu au sensa, duka la spea la kawaida halitakusaidia, na mtengenezaji akiacha kutoa programu mpya kwa mfumo wa kompyuta yako, chuma kizima kabisa kinaweza kugeuka mapambo. Kwa sababu hiyo tu, kati ya nobu janja mbili zinazolingana, ningechukua ile ambayo michoro na programu zake ziko wazi.

Basi uchukue ipi

Kwa jiko la gesi, ya kawaida, na nisingependa mtu ajaribu kunishawishi vinginevyo. Nobu ile inafungua vali moja kwa moja, mshale unaonyesha imefungwa, na haihitaji ruhusa ya umeme. Hali kadhalika kitufe cha kusimamisha mashine ya kukobolea au ya kuranda mbao.

Kwenye gari, joto, volyumu, waipa na hazadi viwe na nobu na vitufe vyake. Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka minane, kwa hiyo dashibodi zinazobuniwa leo huko Japani na Ulaya zitashuka Mombasa hivi karibuni, na anayechagua gari lililotumika ana sababu nzuri ya kukaa kwenye kiti cha dereva na kujaribu kubadili joto huku akitazama mbele. Nobu janja kwa ajili ya ramani na orodha ya nyimbo, nisingeikataa hata kidogo.

Mikisa ya harusi na ya ibada ni swali gumu zaidi. Kama ni chaneli nane na fundi ni huyohuyo kila wiki, mikisa ya nobu za kawaida ni bora: kila nobu ina kazi moja, msaidizi anayefika leo anaielewa, na mike ikianza kupiga mluzi mkono unaenda moja kwa moja. Kama kwaya tatu zinapokezana na kila moja ina mipangilio yake, chukua ya kidijitali yenye vitelezi vya mota. Nobu janja kwenye mikisa naipenda pale tu inapoongezwa kando ya vitelezi, kwa kurekebisha kile kilichochaguliwa.

Kwenye meza ya kuhariri video, kuchora, au kutengeneza muziki ndani ya kompyuta, nenda na nobu janja bila wasiwasi. Macho yako tayari yako kwenye skrini, kosa linafutwa kwa kurudi hatua moja, na maana ya nobu inabadilika kila dakika. Ukiwa na fedha ya kitu kimoja tu na kazi yako ni kuchora, hata yenye kutetemeka pekee inatosha. Ukipita kwenye picha moja moja za video, hitaji yenye mota, kwa sababu utataka ikurudishe katikati ukiiachia.

Kwa mtu asiyeona, nobu yenye mshale uliochomoza na vituo vya kudumu bado ni rafiki wa kweli, kwa kuwa inasomeka hata kabla ya kuzungushwa. Mashine za kufulia zenye nobu ya vituo vya chuma zinatumika kwa kuhesabu mikato kutoka kwenye ukuta. Nobu janja yenye ukuta na vituo vinavyobadilika kila menyu inampa kazi ya kukumbuka yuko menyu gani, na skrini nzuri ya katikati haimsaidii kitu; ikitolewa na sauti inayosema, mambo yanabadilika. Upande mwingine, mwenye vidole vyenye maumivu ya viungo anaweza kulegezewa nobu janja hadi izunguke kwa kuguswa tu, jambo ambalo springi ya chuma haimpi mtu.

Wanafunzi wa umeme na vijana wa karakana wanaotaka kujiundia, naomba sana wajiundie. Michoro ya Bezek ipo, na maktaba ya programu ya SimpleFOC inayoendesha mota hizo ni ya bure. Ila kulehemu sehemu zake ndogo si kazi ya kwanza ya mtu anayejifunza. Anza na mota ya kishikio cha kamera, kibao cha saketi cha ESP32 kilichokamilika, sensa iliyoshalehemiwa kwenye kipande chake na sumaku iliyowekwa katikati kwa uangalifu. Sumaku ikikaa pembeni kidogo tu, vituo vitakuwa vizito upande mmoja na vyepesi upande mwingine. Achana na skrini mpaka hisia iwe safi.

Na ukiwa dukani mbele ya nobu janja iliyokamilika, izungushe polepole sana kati ya vituo viwili na uiachie: ikirudi yenyewe kimyakimya, imeundwa vizuri; ikivuma, iache. Ishike ukutani kwa dakika moja uhisi joto. Chomoa waya, urudishe, uone kama inakumbuka. Mwisho muulize muuzaji kama mipangilio inahifadhiwa ndani ya kifaa au kwenye kompyuta, maana ikiwa ni kwenye kompyuta, ukienda kufanya kazi studio ya mwenzako utaanza kuipanga upya.